Sauti Arobaini na Mbili za Bi Namba

Wale mlionilaani wiki nzima kwa kukata hadithi pale kioo cha kinanda kilipowaka, nimerudi. Vuteni viti. Tusipoteze muda, maana hata wanabendi wenyewe hawana muda.

Ni saa nane na dakika tano mchana. Ukumbi wa hoteli, viti mia mbili, mapazia mazito, jukwaa dogo la mbao. Bendi inaanza saa nane na nusu. Bi Namba, mpiga kinanda, amewasha chombo chake na kukuta kioo kimeandika PIANO 1, mahali ambapo kwa miaka kumi na moja kimekuwa kikiandika jina la wimbo wa kwanza. Ameuliza taratibu, "Nani amegusa kinanda changu?"

Na nyuma yake mtu akajibu, "Mimi."

Bi Namba hakulisikia jibu hilo. Alimwona mpiga ngoma akielekeza kidevu, ndipo akageuka.

Alikuwa binti yake. Mtoto wa pekee, miaka ishirini na miwili, amerudi juzi kutoka chuo cha muziki kwa likizo. Baba yake aliondoka zamani na hadithi hii haimhitaji. Bendi nzima inamwita Mtaalamu kwa utani, naye anaitika bila kinyongo. Ana sauti nyembamba, ya juu, kama ya kifaranga. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeleta zawadi.

"Nimekupangia, mama. Zote arobaini na mbili. Ulikuwa umezichanganya vibaya. Ogani, halafu filimbi, halafu kengele, halafu ogani tena. Kama droo yenye kijiko, kiatu na sabuni. Sasa piano ziko na piano, nyuzi ziko na nyuzi. Kila ukoo na nyumba yake. Na kati ya ukoo na ukoo nimeacha chumba kimoja kitupu, ili ukipata sauti mpya isikose pa kukaa."

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya yule msomaji asiyewahi kupiga kinanda cha bendi.

Kinanda kile kina vyumba arobaini na nane vya kuhifadhia sauti. Bi Namba alizipanga kwa nyimbo. Wimbo wa kwanza ukitaka ogani, kisha filimbi, kisha kengele, basi ogani inakaa chumba cha kwanza, filimbi cha pili, kengele cha tatu. Jukwaani alikuwa anakanyaga pedali tu na sauti inayofuata inakuja yenyewe, kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Ndiyo maana wakamwita Bi Namba. Ukimwamsha usingizini ukamwambia kumi na saba, atakutajia wimbo na mstari.

Ukizipanga kwa ukoo unapata kabati zuri la kuonyesha wageni. Jukwaani unazama.

"Nani alikuruhusu?" Bi Namba aliuliza.

Binti alishangaa kweli. "Wewe. Jana mchana, ulipokuwa unafua. Nilisimama mlangoni nikakuuliza, mama, nikupangie sauti zako? Ukasema sawa."

Bi Namba alikumbuka karai. Alikumbuka povu. Swali hakulikumbuka, kwa sababu halikumfikia.

Nyinyi mlionifuata tangu mwanzo mnaijua siri, lakini acha niirudie kwa kifupi. Miezi minane iliyopita daktari wa masikio alimweka Bi Namba kwenye chumba kidogo, akamvisha vile vya kusikilizia, akamwambia abonyeze kitufe kila anaposikia sauti. Alikaa na kile kitufe mpaka akadhani mashine imeharibika. Mashine ilikuwa nzima. Sauti za juu zimekwenda, daktari alisema, na hazirudi. Filimbi, kengele, ncha za nyuzi, watoto, wanawake wenye sauti nyembamba. Zilizobaki ni ngoma, besi na wanaume.

Bi Namba alisema asante, akapita dukani akanunua sabuni ya mche, akarudi nyumbani akafua mashuka. Tangu siku ile hajalia na hajacheka. Watu wanasema ametulia siku hizi. Ni ganzi. Ni kama ule mdomo uliochomwa sindano na daktari wa meno: unaugusa, unajua upo, basi.

Na tangu siku ile, asichokisikia anakijibu "sawa".

"Umefanya vizuri," alimwambia binti. "Lakini leo tutatumia mpangilio wangu wa zamani. Nipe flashi yenye nakala."

Binti alitabasamu kidogo tu sasa. "Nilihifadhi mpya juu ya ile ya zamani. Nilidhani zikibaki mbili zitakuchanganya."

Mpiga ngoma, ambaye alikuwa anajifanya anakaza skrubu, aliacha kukaza.

Bi Namba alitafuta hasira kifuani mwake, kama unavyopapasa mfukoni kutafuta ufunguo. Hakuikuta. Akakuta tu ile hesabu: dakika ishirini na tatu.

"Kwani tatizo liko wapi, mama?" binti aliuliza. "Si unapiga tu kidogo unasikia ipi ni ipi?"

Sasa mnaona mtego ulivyo. NYUZI ziko tisa. FILIMBI ziko tano. Kwenye kioo hazina jina la wimbo, zina namba tu, na kinachoweza kuzitofautisha ni sikio.

Na kiti cha mlangoni kilikuwa mbele ya macho yake.

Kiti hicho ni cha plastiki, cheupe, na pale mlangoni mwa ukumbi alikuwa amekikalia mzee aliyekuwa mpiga gitaa wa bendi hii kwa miaka ishirini. Mwaka jana vidole vyake vilianza kutetemeka. Kamanda, kiongozi wa bendi, alimwondoa jukwaani siku hiyohiyo, mbele ya watu, akampa kazi ya kukata tiketi. "Muziki si hospitali," alisema. Kamanda ni kaka mkubwa wa Bi Namba, tumbo moja, na ndiye aliyemfundisha kinanda akiwa na miaka kumi na tisa. Lakini msijidanganye. Yule mzee wa gitaa alikuwa rafiki yake wa utotoni.

Mzee alimpungia mkono Bi Namba kutoka mlangoni. Bi Namba akampungia.

Kisha akavuta kiti cha pili, akakipiga kofi. "Kaa hapa. Huko chuoni mnafundishwa kusikiliza?"

"Sana."

"Tuone. Mimi nitapiga, wewe utaniambia sauti hiyo ni ya wimbo gani na inakaa wapi kwenye wimbo. Utaandika namba mpya kwenye daftari langu."

"Mama, huu si wakati wa mtihani."

"Wakati wa mtihani anaujua mwalimu. Shika kalamu."

Niseme kweli, hapo nilimvulia kofia. Mwanamke anazama, na bado anasahihisha madaftari.

Alibonyeza chumba cha kumi na saba, NYUZI 1, akapiga noti tatu. Noti ya chini aliisikia. Ya kati aliipata kama kupitia ukutani. Ya juu ilikuwa plastiki inayogonga plastiki.

"Barua Haikufika, mwanzoni," binti alisema, akaandika. Utotoni alikuwa analala chini ya kinanda hiki kwenye mazoezi, amejifunika koti la mama yake. Nyimbo zote anazijua kuliko anavyojua majina ya binamu zake.

"Endelea."

"Hii ni Shemeji Usicheke, kwenye kiitikio. Hii ni ile ya polepole, ya maarusi. Hii pia ni Barua, pale mwisho anapolia." Kalamu ilikimbia. Bi Namba alikuwa hatazami kinanda. Alikuwa anatazama midomo ya binti yake, na kila jibu likitoka alikuwa anatikisa kichwa kama mwalimu aliyeridhika.

Wakafika kwenye filimbi. Alipiga FILIMBI 2. Tak, tak, tak, basi.

Binti alikunja uso. "Mama, hii umeipandisha mno. Inachoma masikio."

"Ndivyo ninavyoitaka."

"Hapana, kweli inachoma. Zote za juu umezipandisha. Huzisikii zinavyochoma?"

"Ukumbi ukijaa watu hazitachoma," Bi Namba alijibu. "Andika."

Binti aliandika, lakini alimtazama mama yake kwa muda kidogo kabla ya kuandika.

Ukweli ni kwamba sauti za juu alizipima kwa macho. Mashine ya fundi mitambo ina safu ya taa za kijani. Sauti ikitoka, taa hupanda. Kwa miezi minane Bi Namba alikuwa anaomba mashine ile iwekwe kando ya jukwaa, karibu naye. Leo meneja wa hoteli alisema inaharibu sura ya jukwaa, ikapelekwa nyuma kabisa ya ukumbi, karibu na mzee wa tiketi. Taa hazionekani.

"Zimebaki hizi kengele," binti alisema. "Ziko nne. Hii ya kwanza ni ya Mlango wa Bluu."

"Huo leo haumo. Ruka."

"Niandike tu namba yake?"

"Ruka, nimesema. Kamanda anakuja."

Mlango wa Bluu ndio wimbo ulioijengea bendi jina. Unaanza kwa kengele peke yake, mizunguko minane, bila ngoma, bila besi, bila chochote cha kushikilia. Miezi minane iliyopita Bi Namba alimwambia kaka yake watu wameuchoka. Kamanda hakukubali wala hakukataa, ukatoka tu kwenye orodha.

Kamanda alipanda jukwaani akifunga vifungo vya mikono. Mtu mrefu, sauti nzito, kila neno lake Bi Namba analipata. "Meneja ana safari. Tunaanza sasa. Na nimegeuza mpangilio, tunafungua na ule wa saba." Akamwona binti. "Huyu anafanya nini hapa?"

"Atanibonyezea namba."

"Tangu lini unabonyezewa namba?"

"Tangu alipozihamisha."

Mpiga ngoma alicheka peke yake. Kamanda alimtazama mpwa wake, akatazama daftari, akatazama ukumbini ambako meneja, mwanamke wa miwani na viatu visivyo na kisigino, alikuwa tayari anakaa mstari wa tatu.

"Avae shati la bendi," alisema. "Na nyote mnisikilize. Huyu mama anachagua bendi ya kupiga hapa kila Jumapili mwaka mzima. Leo akikosea mtu, hatakuwa na kesho na mimi."

Shati lilikuwa la mpiga tarumbeta, mwenye mwili. Binti aliingia ndani yake akabaki kichwa na vidole.

Wakaanza.

Sitawachosha na nyimbo kumi na mbili. Nitawaambia tu kwamba ilikwenda. Binti alisimama kushoto kwa kinanda, daftari wazi, kidole kwenye vitufe. Mstari ukikaribia kwisha, anabonyeza, namba inawaka, mama anaingia. Ishirini na mbili. Tisa. Thelathini na tano. Walikuwa kama watu wawili wanaokunja shuka moja, kila mmoja anajua pembe yake.

Bi Namba alipiga bila kosa. Hakuona raha. Miaka ya nyuma, wimbo ukikaa vizuri, alikuwa anahisi kitu mgongoni, mpaka shingoni. Sasa alihesabu. Moja, mbili, tatu, nne, badilisha. Watu walicheza, aliona miguu. Walipiga makofi, aliona mikono.

Wimbo wa kumi na mbili ulipokwisha, Kamanda aliinamisha kichwa kwa watu. Binti alifunga daftari. "Tumemaliza, mama," alisema, na Bi Namba aliyasoma maneno hayo vizuri mdomoni mwake. "Nikuletee maji."

Akashuka ngazi, shati likimfuata.

Na hapo yule meneja wa miwani akasimama mstari wa tatu, akasema kitu.

Bi Namba hakukisikia. Aliona tu Kamanda akiweka mkono kifuani, akicheka, akigeuka kuitazama bendi.

"Mama mwenye nyumba anaomba Mlango wa Bluu," Kamanda alisema kwenye kipaza sauti. "Aliposwa wimbo huo ukipigwa. Tunamnyima?"

Ukumbi ukapiga makofi. Kamanda akamtazama dada yake, akainua kidole kimoja. Wewe. Anza.

Msomaji wangu, nilipofika hapa hata mimi niliweka kalamu chini.

Bi Namba hakumtafuta binti yake. Hakuona haja. Huu ulikuwa wimbo wake. Kengele zake zilikaa chumba cha arobaini kwa miaka kumi na moja. Kidole kilikwenda chenyewe. Nne, sifuri. Hakutazama kioo, kwa sababu mtu hatazami kitasa cha mlango wa nyumbani kwake. Alifumba macho, maana Mlango wa Bluu aliupiga hivyo siku zote, akaweka mikono juu kabisa ya kinanda, akaanza.

Tak, tak, tak. Plastiki na plastiki. Hicho ndicho alichokitarajia, na ndicho alichokipata.

Alipiga mzunguko wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa tatu kuna kona ndogo ambayo vidole vinapishana, aliipita vizuri. Kwenye wa tano aliinamisha kichwa, kama anavyofanya siku zote. Kichwani mwake kengele zilikuwa zinalia, safi, kama zilivyolia mwaka ule wa kwanza, na labda ndiyo maana uso wake ulikuwa umetulia kuliko ulivyokuwa kwa muda mrefu.

Wa sita. Wa saba. Wa nane. Akangoja ngoma.

Ngoma haikuingia.

Alingoja mpigo mmoja zaidi, halafu akafumbua macho.

Watu mia mbili walikuwa wanamtazama. Hakuna aliyekuwa anasogea. Mpiga ngoma alikuwa ameshika fimbo zake hewani. Mpiga besi alikuwa anatazama viatu vyake. Kamanda alikuwa amegeuka kabisa, mgongo kwa watu, jambo ambalo halifanyi kamwe, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayejumlisha hesabu na haipendi inakoelekea.

Bi Namba alitazama kioo. Kiliandika 40, na mbele yake mstari mtupu.

Kile chumba kitupu. Kati ya ukoo wa filimbi na ukoo wa kengele. Kilichoachwa ili sauti mpya isikose pa kukaa.

Chini ya ngazi binti alikuwa amesimama na chupa ya maji. Hakuwa anamtazama mama yake usoni. Alikuwa anaitazama mikono, bado iko juu ya kinanda. Halafu aliweka chupa sakafuni, polepole, kama inaweza kuvunjika, akapanda.

Alibonyeza nne, moja. KENGELE 1. Kisha, badala ya kurudi kando, alizunguka akasimama mbele ya kinanda, uso kwa uso na mama yake, mgongo kwa watu wote.

"Tena," midomo yake ilisema. "Nitakuonyesha."

Bi Namba alipiga noti ya kwanza. Binti alitikisa kichwa: ndiyo, ipo. Ya pili. Ipo. Akaendelea kutikisa kichwa, noti kwa noti, mizunguko yote minane, mpaka ngoma ikaingia na besi ikaingia na Kamanda akaanza kuimba. Binti alikuwa analia. Hakufuta machozi, maana angefuta angeufunika uso, na mama yake alikuwa anausoma.

Watu walisimama kwa makofi. Wengi walidhani ule ukimya wa mwanzo ulipangwa. Mpiga ngoma baadaye aliapa kwamba alimsikia bibi mmoja akimwambia mwenzake hiyo ndiyo sanaa ya kisasa.

Kamanda hakudhani.

Aliwakuta nyuma ya jukwaa, kwenye korido ya vyombo, mama na binti wanakunja waya. Aliketi juu ya sanduku la spika. Alikuwa na karatasi mkononi yenye muhuri wa hoteli.

"Mizunguko minane," alisema.

"Nilibonyeza namba ya zamani," Bi Namba alijibu.

"Kubonyeza namba ya zamani kunampata kila mtu. Sisemi namba." Kamanda alikunja karatasi mara mbili. "Mtu anayesikia, noti ya kwanza ikikosa sauti, ya pili anakitazama kinanda. Wewe ulipiga mizunguko minane umefumba macho. Na ulikuwa unafurahi."

Bi Namba alimaliza kuviringisha waya, akaufunga na kitambaa.

"Tangu lini?"

"Miezi minane."

"Ulikuwa unanipigia kwa kutumia nini, miezi minane yote?"

"Kwa taa za fundi mitambo. Na kwa namba."

Kamanda alipangusa uso kwa kiganja. Kaka mtu alizeeka hapo hapo, mbele yao. "Ungeniambia."

"Ungenipa kiti," Bi Namba alisema.

Kupitia mlango wa korido waliweza kumwona mzee wa gitaa akiokota vipande vya tiketi sakafuni, kimoja kimoja, vidole vikimkatalia.

"Yule nilimwondoa kwa vidole," Kamanda alisema. "Kesho akiniuliza kwa nini dada yangu amebaki, nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Niondoe."

Alilisema kama mtu anayesema funga dirisha. Alingoja liumize. Halikuuma, na alianza kudhani halitauma tena jambo lolote.

Kamanda alisimama. "Meneja amekubali. Tunaanza Jumapili ijayo. Nyimbo zote mmezishika wewe na Mtaalamu, hakuna mwingine." Akamgeukia mpwa wake. "Mjomba wako nakuuliza mara moja tu, na nataka jibu sasa. Kinanda cha mama yako utakikalia wewe?"

Binti alimgeukia mjomba wake.

Na alipogeuka, uso wake ukaondoka. Bi Namba alibaki anatazama kisogo, nywele zilizosukwa, na mabega yaliyopotea ndani ya shati la mpiga tarumbeta. Aliona mabega yale yakipanda, kama ya mtu anayevuta pumzi. Binti akasema kitu. Hakikuwa neno moja. Kilikuwa kirefu, na katikati mkono wake ulinyooka nyuma, kumwelekea mama yake, bila kutazama.

Bi Namba aliinama mbele. Alikaza masikio mpaka taya likauma. Ilikuwa ile sauti nyembamba ya kifaranga, aliyoizaa mwenyewe, na yote ilikuwa inapita juu ya kichwa chake.

Na hapo, wasomaji wangu, kitu kilimchoma. Chini ya mbavu, upande wa kushoto. Alishtuka hata akashika sanduku la spika. Kazi ilipokwenda hakuhisi kitu, jina lilipokwenda hakuhisi kitu. Lakini mtoto wake alikuwa anasema jambo kubwa la maisha yake, hatua mbili kutoka hapo, na yeye hakuwemo.

Uso wa Kamanda ulibadilika. Alikunjua ile karatasi, akaitazama, akaikunja tena. Akamtazama dada yake juu ya bega la binti.

"Umesikia anachosema mwanao?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Sawa. Miezi minane limempitisha kila mlango.

"Hapana," Bi Namba alisema. Sauti yake ilitoka mbaya, imekwaruza. "Sijasikia. Geuka, mwanangu. Niambie nikikuona."

Binti aligeuka.